Tuzo Imempita Mama wa Takwimu

Benchi lipo nje ya geti la chuo kikuu, ubavuni mwa kibanda cha kinyozi, na asubuhi hiyo kahawa ilikuwa inanywewa kwa hasira. Tuzo ya mwalimu bora imetangazwa, imechukuliwa na profesa ambaye darasani huonekana kwa nadra. Mama wa Takwimu, mwalimu wa mkataba, hakutajwa kabisa. Angeipata, angeajiriwa moja kwa moja. Sasa mkataba unaisha, Ijumaa anaondoka. Fundi Bomba, anayetengeneza mabomba ya chuo, damu ilikuwa inamchemka.

— Binti yangu alifeli takwimu mara mbili. Mama yule akamwita kila Jumamosi, wiki tisa, akamwanzishia upya mpaka akaelewa. Leo wanamfungashia virago. Hii ni dhuluma, nasema wazi.

— Hujui siri, fundi, alisema Kinyozi. Watu wa jopo la tuzo wanapima vyeti ukutani. Profesa anavyo kumi na vinne, nilivihesabu nikimnyoa ofisini kwake.

— Vyeti wapi, alidakia Bwana Waraka, karani mstaafu wa masjala ya chuo. Wanapima usingizi. Mwalimu anayelaza darasa zima halalamikiwi na mtu. Faili lake jeupe peee. Mafaili hayo nimeyabeba miaka ishirini, usinibishie.

— Basi jopo lenyewe halipo. Mimi nanyoa chuo kizima, sijawahi kumnyoa mjumbe wa jopo hata mmoja.

Wakacheka, isipokuwa Fundi Bomba.

— Mnacheka nini? Watu wale hawana haya. Mtu anajitolea hivyo, halafu wanajifanya hawamjui.

Dada mmoja mwenye kitambulisho shingoni, aliyesimama kusubiri kahawa yake, akageuka.

— Shikamooni. Mimi ni karani wa jopo hilo. Jina la mama huyo halikutufikia. Fomu zilikuwa wazi miezi miwili, kwa mwanafunzi, kwa mzazi, kwa yeyote. Kwani nani kati yenu alimpendekeza?

Kinyozi akachungulia kikombe chake. Bwana Waraka akakohoa kikohozi ambacho hakuwa nacho.

Fundi Bomba akakumbuka. Binti yake alikuwa amejaza fomu ile mbele na nyuma, akamkabidhi: “Baba, wewe unaingia chuoni kila siku, nifikishie.” Yeye akaitia kwenye mfuko wa spana, akasema ataipeleka kesho. Mfuko ulikuwa hapo miguuni pake, fomu ingali ndani. Akausogeza chini ya benchi kwa kisigino, polepole, wasimwone.