Unabeba Nini? Miaka Ishirini na Saba ya Mama Nyaguthii na Springi za Nyuma

Ijumaa hii, tarehe 27 Februari 2026, Bi. Wamboi Nderitu anastaafu baada ya kutumikia Duka la Baiskeli la Jasbir, Kitale na Bungoma, kwa miaka ishirini na saba. Wateja wengi hawatamtambua kwa jina hilo, maana kwao yeye ni Mama Nyaguthii na basi. Mimi, Kipkemei, nimetumia naye benchi moja kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo, ndiyo maana nimepewa kazi ya kuandika haya. Ile spana anayodai niliipoteza mimi haitazungumziwa hapa.

Alitoka upande wa Cherangany, ambako wazazi wake walihamia kutoka Nyeri wakalima mahindi. Mwaka 1999 aliajiriwa kufagia na kuchemsha chai. Chai yenyewe, tuseme ukweli, haikuwa na sifa. Kati ya birika moja na lingine alikuwa akisafisha minyororo kwa mafuta ya taa bila kutumwa na mtu. Siku moja Bwana Jasbir, mwenye duka, alimkuta amefungua gurudumu la blakmamba, ile baiskeli nyeusi ya mizigo, na kulifunga tena bila gololi hata moja kubaki mezani. Akampa ovaroli, akatafuta mtu mwingine wa chai. Wote tulifaidika.

Kisha zikaja baiskeli za mitumba zenye springi ya nyuma. Vijana walizipenda kwa vile zinanesa. Huko zilikotoka zilitengenezewa mtu mmoja anayepanda mlima kwa kujifurahisha, hana mzigo. Huku kwetu zilifungwa keria na kupakiwa gunia la viazi. Haupiti muda, nyuma imelala, tairi linasugua fremu, na mwenyewe yuko dukani na ombi lile lile: "Mama, si uchomelee tu hapo, tumalizane." Kuchomelea ni kung'oa springi na kuweka kipande cha chuma mahali pake. Mafundi wengi wanafanya hivyo mpaka leo.

Naye alifanya. Bwana Kiptum, mchuuzi wa mayai katika soko la Chwele, aliondoka hapa na baiskeli iliyochomelewa ikachomeleka, ngumu kama kitanda cha bweni. Baada ya siku ya soko alirudi. Hakumlaumu mtu. Aliweka trei zake za mayai juu ya benchi zikidondoka ute. Mama Nyaguthii alizitazama, akaomba radhi, kisha akauliza swali ambalo alisema alipaswa kuanza nalo: "Unabeba nini?" Siku hiyo hiyo alimtafutia springi nyingine inayofaa, na mchana sisi tulikula mayai ya kukaanga yenye maganda kidogo.

Tangu hapo hajagusa baiskeli ya mtu kabla ya kuuliza. Tumesikia majibu ya kila aina: maziwa, kuku, ndizi, mke. Mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Kibabii alimjibu, "Ni stress tu, mathe." Akamlegezea springi kidogo, akamwambia asome pole pole.

Ukishajibu, alikuketisha kwenye tandiko pamoja na mzigo wako, yeye akachuchumaa nyuma kutazama springi inazama kiasi gani. Kisha alishika gurudumu na kulitikisa kushoto na kulia. Mara nyingi springi ilikuwa inasingiziwa. Zilizolika ni bushi, vile vipande vidogo vya plastiki ngumu vinavyokaa kwenye viungo, pale mkono wa nyuma, ule unaoshika gurudumu, unapokutana na fremu. Zikikosekana madukani, alizichongesha kwa fundi mmoja wa kukereza huko Webuye. Tawi la Bungoma lilipofunguliwa chini ya Gagandeep, binti ya Bwana Jasbir, Mama alikuwa akienda huko kufundisha mafundi. Leo ukiingia pale utaulizwa unabeba nini kwanza, ndipo usalimiwe.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ameniruhusu kulieleza. Mwaka juzi mume wake, Mzee Nderitu, alianguka kutoka kwenye ghala la mahindi akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, mfupa ukashika, lakini daktari alisema mguu utakakamaa kabisa asipofika hospitali kufanya mazoezi. Njia ya kutoka kwao haina huruma. Mvua ikinyesha gari halifiki, na pikipiki ilimrusharusha hadi akakataa kupanda tena. Alikaa uani na fimbo yake, akasema mguu ukiishia hapo basi. Mama Nyaguthii, ambaye kutufokea asubuhi ndiyo salamu yake, akaanza kuingia kazini kimya. Tuliumia kumwona hivyo.

Mwezi uliopita alinunua baiskeli kutoka kwenye furushi la mitumba lililofunguliwa Bungoma, springi yake ya nyuma imelala. Aliitengeneza saa za chakula cha mchana. Akaweka springi ya baiskeli nzito zaidi, akafunga keria pana kwenye fremu yenyewe ili anayekaa nyuma naye abebwe na springi, akaweka na mto wa sponji. Akapakia gunia la mahindi lenye uzito wa mumewe, akaenda nalo mpaka sokoni na kurudi. Ikanesa vizuri. Jumapili akampakia Mzee. Shimo la kwanza tu, Mzee akalia kwa uchungu, na mkewe akamrudisha nyumbani akiisukuma baiskeli hatua kwa hatua.

Jumatatu aliisimamisha baiskeli ile upande wa benchi wanaposimama wateja. Nikaanza pale aliponifundisha mwenyewe kuanza. Nikamwuliza, "Mama, unabeba nini?"

"Nabeba Nderitu," akasema, na machozi yakamtoka.

Nikamwambia basi Nderitu aletwe, maana aliyepimwa ni gunia. Kulikuwa kukavu, pikapu ya duka ikamfuata. Siku hiyo kwa mara ya kwanza Mama Nyaguthii ndiye aliyekaa kwenye tandiko, mumewe nyuma yake, na sisi tukachuchumaa. Fundi hawezi kuikalia baiskeli na papo hapo ajitazame kwa nyuma. Bwana Jasbir alipiga magoti na suruali yake safi kwenye sakafu ya grisi. Haikuchukua muda kuona. Gunia hukaa katikati. Mzee Nderitu huegemea upande usiouma, uzito wote unashukia bushi ya kushoto, na bushi hiyo ilikuwa imeanza kulika. Nyuma ilikuwa inajipinda kabla springi haijazama, na nyonga yake inapindwa nayo.

Tuliweka bushi mpya pande zote mbili, tukaongeza chuma cha kushikilia ili akae katikati, tukalegeza springi mpaka ikazama inavyotakiwa. Mama alituelekeza kutoka juu ya tandiko, akitufokea tena, na tulifurahi mno kuisikia sauti ile. Jumapili iliyopita walienda nayo kanisani. Nilipomwuliza Mzee habari za njia, alisema, "Ni kama walikuja wakaziba mashimo." Hakuna aliyeyaziba. Jumanne alifika mazoezini, na leo ameketi katikati yetu. Aliyemleta yuko kando yake, na iliyomleta imeegemezwa pale mlangoni.

Angeweza kukaa nasi mwaka mmoja zaidi. Anaondoka ili siku za mazoezi asiombe ruhusa kwa mtu.

Mama Nyaguthii, asante kwa mikono yako, kwa makaripio yako, na kwa kutufundisha kumtazama mwenye baiskeli kabla ya baiskeli. Kwa niaba ya wenzako wote wa Kitale na Bungoma, tunakuombea mapumziko mema, afya, na njia isiyokuchosha. Springi ikilegea usihangaike nayo nyumbani. Ilete hapa, hutapanga foleni. Tutakuuliza unabeba nini, kama ulivyotuzoesha, na tunaomba Mungu siku moja utujibu kwamba ni mboga tu, Mzee anakuja nyuma kwa miguu.