Duilio Atafuata Jeneza Langu

Kaeni chini nyote wawili, na wewe Nevio uache kunishika mkono kila nikikohoa, maana nina maneno ya kusema na pumzi yenyewe ni ya kubahatisha. Mimi Argia, mama yako, akili zangu ninazo zote, na ninayosema leo ndiyo wosia wangu, asije mtu kesho akasema bibi alikuwa anaweweseka kwa homa.

Jumamosi usiku nilikusikia ukiwa jikoni. Ulidhani nimelala. "Loredana, tuahirishe safari. Siwezi kupanda ndege mama anakata roho." Na huyu mkeo, aliyengoja mtoto mpaka mvi zikamtoka, akajibu, "Sawa, kama unaona hivyo," kwa sauti ya mtu anayemeza jiwe. Upumbavu gani huu? Hakimu wa Kolombia amewapangia siku ya kukabidhiwa mtoto, na yule mama wa shirika la kuasili watoto aliwaambia hapa hapa mbele yangu kwamba msipofika siku hiyo mtoto atapewa watu wengine. Mimi kufa nitakufa, mwende msiende. Sasa mnabaki mfanye nini, mnisaidie kuhema?

Najua kinachokufunga miguu, Nevio. Hapa kijijini mtoto wa kiume wa pekee ndiye wa kwanza kulifuata jeneza la mama yake, na asipoonekana, Ines wa duka la mikate atapata habari ya kuwauzia watu mpaka mavuno ya zabibu. Ndiye huyo huyo aliyeniuliza, "Argia, ni kweli mwanao anakwenda ng'ambo kuchukua mtoto wa watu? Na wakimchoka wanamrudisha?" Nikamwambia, "Wewe wako watatu umewazaa mwenyewe na hata Krismasi hawaji kukuona. Utawarudisha wapi?" Tangu siku hiyo ananiuzia mkate wa jana.

Basi jambo hilo nimelimaliza. Jumapili mlipokwenda misa nilimpigia simu Duilio. Ndiyo, Duilio, mdogo wake marehemu baba yako, yule aliyeng'oa mstari mzima wa mizabibu yangu kaka yake hata hajapoa kaburini, na ambaye sijamwamkia tangu wewe unavaa kaptura. Akaja, akasimama hapo mlangoni na kofia mkononi.

"Shemeji, ni kweli unakufa?"

"Sikukuita tucheze karata. Nataka ulifuate jeneza langu, wewe wa kwanza, mahali pa Nevio."

Akaizungusha ile kofia weee. "Watu watacheka."

"Wacheke. Utalifuata, hulifuati?"

"Nitalifuata. Lakini shemeji, mle ndani utanyamaza kweli?"

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, mshenzi yule. Mizabibu sijamsamehe, hilo mlijue. Lakini mkirudi mumkaribishe mezani, mumpe mvinyo wa maana, si ule wa kupikia.

Nyumba hii na shamba ni vyako, Nevio, na baada yako ni vya huyo mtoto, vyote, mpaka kwenye ukuta wa mpaka, na mwanasheria ameshaandika. Binamu zako wakianza habari za damu, waulize tangu lini damu yao ilikuja kupogoa mizabibu kwenye baridi ya Februari.

Na nimesikia mnanong'ona kwamba mtamwita Argia. Thubutuni! Mtoto ana miaka sita, anaitwa Yurani, akiitwa anaitika. Amekosa mama, amekosa kwao, na jina nalo mmvue? Mimi mwenyewe hili Argia sikulipenda hata siku moja.

Loredana, binti yangu, nakuona unavyolipanga hilo sanduku na kulipangua. Vile viatu vyekundu umevinunua kwa kutazama picha ya mtoto, na picha yenyewe ni ya mwaka juzi! Ulidhani mguu wa mtoto umekaa unakungoja? Mpe Ines, ana mjukuu mdogo. Wewe ukifika huko ushike mguu wa mwanao kwa mkono wako, kisha mkanunue, na rangi achague yeye.

Maji... Kidogo tu, unanizamisha.

Sasa la mwisho. Chumba hiki ndicho mlichomwonyesha yule mama wa shirika kuwa cha mtoto, halafu mkanilaza mimi eti kwa sababu kina jua. Nishusheni jikoni, leo hii. Marzia wa nyumba ya pili atanilisha, Duilio ataleta kuni. Godoro litoeni nje, madirisha yafungueni, asije akakuta harufu ya dawa. Simu ikiwafikia huko, lieni, kisha mkamlishe mtoto. Msirudi mpaka mrudi naye.

Mungu awalinde huko angani. Awape... awape mtoto mkaidi, atawafaa. Na atakapolia kwa lugha msiyoijua, awape subira ya kukaa naye tu.

Nevio, futa pua. Shika huku... si mkono, shika shuka. Inueni. Taratibu hapo kwenye ngazi...

Akiuliza nani alikuwa analala pale, mwambieni... bibi yake. Amempisha.