Naziha Mhiri, Mkunga Aliyerudi Kazini

Ndugu, majirani na marafiki mliofika kumsindikiza mama yetu, familia inaomba mtusikilize kidogo.

Bi. Naziha alizaliwa hapa Sfax tarehe 14 Machi 1948, binti wa tatu wa mfua bati wa mji mkongwe, akasoma shule ya msingi kuanzia 1954, akasomea ukunga Tunis, akahitimu Juni 1970, na Oktoba mwaka huo akaanza kazi katika wodi ya wazazi, akienda kila asubuhi kwa baiskeli, sare yake ikinukia maji ya maua ya mchungwa. Tarehe 22 Julai 1972 aliolewa na marehemu Mokhtar, fundi wa garimoshi, wakajaliwa watoto wawili, Hatem, na Sonia anayewasomea haya.

Tarehe 9 Juni 1989 mzazi mmoja, Rachida, alivuja damu baada ya kujifungua, na ingawa mama na daktari walihangaika naye saa mbili, alifariki, akaacha kitoto cha kike, Amel. Uchunguzi haukumkuta mama na kosa, lakini yeye alikwisha kujihukumu, akisema, "Mikono hii imeua," akaacha kazi, akajifungia ndani karibu miaka miwili, akiamini mtaa mzima unamkwepa.

Machi 1991 baba alimpeleka kwa Daktari Selwa, mtaalamu wa tiba ya nafsi, ambaye hakumkataza kuhuzunika, bali alimtaka aandike kila wazo linalomuumiza, na pembeni yake ushahidi wa kulithibitisha na wa kulipinga.

"Unasema majirani wanakukwepa," alimwambia. "Haya, nenda kanunue mkate, wasalimie kumi, uniletee majibu."

Mama akarudi na majibu kwamba tisa waliitikia, na wawili kati yao wakamkumbatia.

"Na wa kumi?"

"Wa kumi ni Mzee Ammar. Ni kiziwi, daktari, na nilimsalimia akiwa amenipa mgongo."

Baba alisimulia kisa hicho miaka yote, akicheka mpaka machozi.

Wazo lililobaki lilikuwa zito zaidi, kwamba Lazhar, mume wa Rachida, anamchukia, na alipotakiwa ushahidi hakuwa nao, basi tarehe 11 Mei akaenda kwake, akamwomba radhi.

Lazhar alimvutia kiti akae, kisha akasema, "Dada Naziha, miaka miwili nangoja uje unilaumu. Mimi ndiye niliyechelewa kumleta."

"Ungemleta hata tangu asubuhi, ndugu yangu, damu ile ingekuja vilevile. Hukumuua wewe."

Hapo mama alijisikia akimpa mwenzake maneno aliyojinyima mwenyewe, akalia, na Amel akapanda mapajani mwake, akaanza kumvuta hereni.

Tarehe 2 Septemba 1991 alirudi wodini, na huzuni ya Rachida hakuiacha kamwe, ila aliacha kujiita muuaji, akafanya kazi hadi alipostaafu Machi 2008.

Novemba 2022 figo zake zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na hata kitandani, muuguzi kijana akilalamika kwamba yeye mwenyewe hafai kazi hiyo, mama alimwuliza, "Nani kasema, na ushahidi uko wapi?" Alifariki Jumamosi, tarehe 3 Februari 2024, akiwa na miaka sabini na mitano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, wakunga wenzake, majirani walioleta chakula bila kuombwa, Lazhar na Amel, waliokesha nasi, na vijana sita waliobeba jeneza, ambao wanne kati yao mama ndiye aliyewapokea duniani.

Mama yetu, umefanya kazi vizuri, na ushahidi ni hawa waliosimama hapa, pumzika kwa amani.