Kidole cha Mwisho cha Bi. Restuta

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2015, baada ya miaka thelathini kamili ya utumishi, Bi. Restuta Simwinga anastaafu. Ofisi yetu ya usajili hapa Tunduma inabaki na viti vyote, lakini sijui nani atathubutu kukalia chake.

Alianza mwaka 1985 na pedi ya wino, rejista nene na chupa ya mafuta ya taa ya kujisafishia mikono. Kutwa alishika vidole vya watu na kuvigandamiza kwenye karatasi. Tulimtania kwamba mumewe, Mzee Ezron, humtambua kwa harufu ya mafuta ya taa kabla hajapiga hodi. Lakini macho yake! Akitazama alama mbili alijua kama ni za mtu mmoja, wakati sisi bado tunatafuta miwani.

Mashine za kusoma vidole zilipoletwa mwaka jana, vijana wa kompyuta walidhani mama atazikimbia. Wiki mbili alijifunza programu, wiki ya tatu akawa anawafundisha wao.

Kisha tukaenda kusajili watu kijijini Kamsamba. Joto lile, na mikono ile iliyosuguliwa na jembe na mchi! Bi. Kabula, mfugaji wa miaka sabini, aliweka kidole mara tatu, na mara tatu mashine ikakataa. Kwenye foleni wakaanza kunong'ona kwamba huenda si wa hapa. Huku mpakani neno hilo halikawii kuenea. Maskini, mtu aliyezaa na kuzika watoto Kamsamba alikuwa karibu kurudi nyumbani bila kutambuliwa. Bi. Restuta akavigeuza viganja vya Bi. Kabula, akamuuliza ng'ombe hukamuliwa saa ngapi, akamwomba arudi kesho yake akitoka kukamua moja kwa moja. Alirudi vidole vimelainika kwa maziwa. Vikapanguswa, mashine ikasoma mara ya kwanza. Tangu siku hiyo wafugaji tuliwasajili wakitoka kukamua.

Sasa sikieni kioja. Bi. Restuta, aliyesajili maelfu, alikuwa amejiweka mwisho kabisa, na mapema mwezi huu mashine ikamkataa yeye mwenyewe. Mafuta ya taa ya miaka thelathini yalikuwa yamekula mistari ya vidole vyake. Nililia, wala sioni haya kusema. Yeye alicheka, akabeba mashine, akapanda gari la Kamsamba. Bi. Kabula alimkalisha ubavuni mwa ng'ombe, akamfundisha kukamua. Alikamua siku nne. Siku ya tano asubuhi, kidole kikasomeka.

Fomu yake nimeihifadhi mimi. Penye nafasi ya shahidi anayemfahamu msajiliwa, pameandikwa Kabula, na alama ya kidole chake ipo pembeni, safi kabisa.

Asante, Bi. Restuta, kwa kila mkono ulioushika. Tunakuombea afya na mapumziko yenye furaha, na Mzee Ezron aizoee harufu ya maziwa.

Germana, Chumba cha Kumbukumbu