Sufuria ya Pembeni ya Papa Édouard Lifoko

Wazazi, bandugu, majirani ya Lubunga, na ninyi bote mwenye kuvuka maji kuja kulia na sisi, mukae kwanza chini, vijana ya ngoma munyamaze, sababu kabla ya sanduku kutoka kuko maneno. Mama Angélique, mama muzazi ya marehemu, hakusomaka, lakini siku zote za mutoto yake iko nazo ndani ya kichwa, alizisema na kinywa, familia ikaandika, hata neno moja hatukupunguza. Bote tunajua kama tangu siku ya pili, Jumanne, siku ya kifo, bibi ya marehemu, Mama Pélagie, iko ndani ya chumba ya nyuma, vijana bamefunga mulango, banasema hatafika kwa makaburi kabla hajaeleza kitu gani alikuwa anatia katika chakula ya bwana yake. Basi musikie.

Papa Édouard Lifoko alizaliwaka Yanonge, tarehe 14 mwezi ya nane 1968, siku ya soko, mama yake alikuwa na ndizi kwa kichwa, akaiweka chini, akazaa, na ile ndizi bakaiuza palepale. Alisoma masomo ya musingi kulekule, kutoka 1974 mpaka 1980, kisha bakamuleta Kisangani, akafanya mécanique mpaka 1986, diplôme hakuipata, lakini tangu 1987 alitumika ku beach ya Lubunga, bandari ya ngambo hii ya muto, anatengeneza motere, ni kusema injini, ya baleinière, zile mashua kubwa za mbao zenye zinabeba batu na mizigo, na alikuwa anasikia ugonjwa ya motere kutoka mbali, angali anakula, anasema, bon, ile ya kule haitafika Isangi, na kweli haikufika.

Tarehe 12 mwezi ya sita 1999 alioa Mama Pélagie Mwamini, mutoto ya Kindu, kule Maniema, na Mama Angélique anataka isemwe wazi kama hakufurahi, alitaka binti ya muto, mwenye anajua kupasua samaki, na ile siku ya ndoa aliangalia bibi-arusi kutoka kichwa mpaka miguu, akanongonea bamama benzake, huyu wa Maniema anacheka kidogo hivi, anaficha nini, kumbe Pélagie alisikia, akamujibu, mama, ninaficha njaa, tangu asubuhi hamujanipa kitu, batu bote bakacheka, mama mukwe peke yake hakucheka. Mungu aliwapa batoto tatu, Larissa, mwenye kuzaliwa tarehe 7 mwezi ya sita 2000, ndani ya vita ya siku sita hapa Kisangani, chini ya meza, bomu zinapita juu ya mabati, na mama mukwe njo alikata kitovu, kisha Moïse, 2003, na Jemima, 2008.

Ugonjwa ilimupata siku ya kwanza, Jumatatu, tarehe 17 mwezi ya kumi 2022, akiinua motere na bandugu yake, kifua ikamubana kama kamba, jasho ikamwagika, yeye akasema ni njaa tu, akakaa saa mbili nzima, mpaka mukono ya kushoto ikakufa ganzi, njo bakamuvusha na pirogue, mutumbwi, mpaka hôpital. Docteur akasema infarctus, maana yake mushipa ya roho, ni kusema moyo, iliziba, akalala hôpital siku kumi na moja, akarudi nyumbani, batu bakaimba, bakafikiri imeisha, lakini haikuisha. Mutu mwenye alikuwa anabeba motere akawa anapanda ule mupando ya beach na kusimama mara tatu, analala juu ya mito tatu sababu akilala chini pumzi inakatika, na asubuhi anajishika kifua, anasikiliza, kama vile alikuwa anasikiliza motere ya batu.

Mama Angélique akatoka Yanonge kumuangalia mutoto, na kitu ya kwanza aliona ni sufuria mbili kwa moto, moja ya batu bote, na moja ndogo, pembeni, ya Édouard peke yake, na hakuna mwingine mwenye alikuwa na ruhusa ya kuigusa. Akaonja kwa siri. Haikukuwa na chumvi hata kidogo. Sasa, mama yake mwenyewe, zamani, alimuambiaka kama chakula bila chumvi banawekeaka batu wenye bamekufa, na Mama akaanza kuchunga, ananusa sufuria, anahesabu kinini, vidonge ya dawa, ile ya asubuhi, ile ya kukojoza, ile ya kuweka chini ya ulimi, akisema ndani ya roho, dawa gani hii mutu anaweka chini ya ulimi kama siri. Sadrack, mudogo ya marehemu, mwenye kuita kaka yake yaya, naye akaongeza, Mama, fungua macho, yaya anakwisha.

Donc kutoka mwezi ya kwanza 2023, kila mara Pélagie akienda soko, Mama alikuwa anachoma makayabu, ile samaki ya chumvi Édouard alipendaka tangu utoto, na pilipili, na lituma, ndizi ya kutwanga, anamupa, anasema, kula, mutoto yangu, usimuambie bibi yako. Édouard alikuwa anamuangalia, kisha anakula. Miguu ikavimba, tumbo ikajaa, na kila mara ikivimba, Sadrack anasema, ona kazi ya Maniema.

Kisangani kulikuwa kunakuja cardiologue moja, docteur ya roho peke yake, Docteur Hélène, kila miezi tatu, na Mama Pélagie njo alivuka mara sita kutafuta nafasi mpaka akaipata, tarehe 21 mwezi ya tatu 2023. Docteur akafinya muguu, kidole ikaacha shimo, akauliza, nani anapika, nani mwingine anamupa chakula, akaangalia Pélagie na macho ya polisi, na Mama Angélique, pembeni, akasema ndani yake, asante Mungu, hata docteur amemutambua. Bakaongeza dawa. Miguu haikushuka.

Tarehe 20 mwezi ya sita bakarudi, na mara hii Docteur akaingiza mama peke yake na mugonjwa, akamuonyesha roho ya mutoto yake ndani ya télé, kubwa, nzito, inapiga kama mutu mwenye kuchoka na kasia, akamuambia, Mama, kipande moja ilikufa siku ya infarctus, haitarudi, yenye kubaki inatumika peke yake, chumvi inaita maji, maji inaizamisha, na huyu papa, kuko mutu anamupa chumvi. Mama Angélique akapiga magoti, akasema, ni mimi. Na Édouard akasema polepole, docteur, nilijua, lakini mukono ya mama, mutu anaikatala namna gani, na docteur akamujibu, papa, ungekufa na heshima yako yote.

Juma mbili, miguu ikashuka. Mama alimuomba Édouard asimuambie Pélagie, na hakumuambia, mpaka kifo. Kila asubuhi Pélagie alimupima kilo kwa balance, mizani ya muchele ya jirani Yunus, kilo mbili zikiongezeka anakimbilia infirmier, muuguzi, na hivi Édouard alirudi beach, juu ya kiti, anasikiliza motere, anafundisha vijana, karibu miaka mbili.

Siku ya pili, Jumanne, tarehe 6 mwezi ya tano 2025, asubuhi, kifua ikabana tena, akakufa katikati ya maji, ndani ya pirogue, kichwa kwa magoti ya bibi yake, na docteur bakaandika, infarctus ya pili. Ile siku Sadrack akatoa sufuria ya pembeni, akaionyesha batu, akasema, na hii njo alimuulia yaya, na mama yake akasikia, akanyamaza siku tatu, kwa haya.

Leo anasema. Mutu mwenye alimutilia Édouard kitu ni Angélique, mama yake, iko hapa mbele yenu, na mwenye kuwa na jiwe, aanze na yeye.

Familia inashukuru Docteur Hélène na ba infirmier, Yunus na balance yake, bafundi bote ya beach, na majirani mwenye kuleta kuni na maji. Na Mama Angélique anaomba kitu moja, Sadrack aende yeye mwenyewe, afungue ule mulango, alete shemeji yake na mukono, amukalishe kwa mukeka, pembeni ya mama mukwe yake. Tunangoja. Pélagie akisha kukaa, na si kabla, njo maneno haya isomwe: Édouard, mutoto yangu, sasa lala na amani.