Kope Zilizogeuka Ndani

Bwana wetu asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na jicho langu hili moja lililobaki!

Mimi ni mkulima wa ulezi na mahindi, hapa hapa Ufipa. Tulipohamia kijiji cha ujamaa, macho yalianza kuniwasha na kutoa tongotongo. Maji yalikuwa mbali. Kidogo tulichoteka kilikuwa cha kupikia. Miaka ikapita, kope zikageukia ndani, nywele zake zikakwaruza mboni kama mchanga. Nikizing'oa, zinaota tena, ngumu zaidi. Jicho la kulia likaingia ukungu mweupe, likafa.

Baba mdogo wa mume wangu akasema nimerogwa. Na nani? Na mama mkwe wangu, mjane, kwa sababu macho yake yalikuwa mekundu! Akataka afukuzwe kijijini. Mume wangu akaendelea kunoa jembe lake.

Ndugu zangu, yule mama ndiye aliyewapokea watoto wangu wote walipozaliwa. Nikasimama mbele yao. "Baba, kama yeye ndiye mchawi, mbona naye haoni? Amejiroga?"

"Mkamwana, utajuta!"

"Nitajuta nikikaa. Naenda hospitali, na mama naenda naye."

Tukaondoka asubuhi, tumeshikana mikono, tukisali rozari barabarani, hadi lori la mahindi likatuchukua mpaka Sumbawanga. Hospitalini daktari akapindua kope zangu, akapindua na za mama.

"Ugonjwa wenu ni mmoja," akasema. "Vikope. Unaenezwa na mikono, nguo na inzi. Hakuna mtu aliyewaroga."

Mama mkwe wangu akaangua kilio. "Mwanangu, umesikia? Hakuna!"

Tukapasuliwa kope sote wawili. Jicho la kulia halikurudi, sitawadanganya. Lakini walipofungua bandeji ya jicho la kushoto, nilimwona mama, na yeye akaniona. Haleluya!

Tuliporudi nyumbani, yule baba mdogo alikuja mlangoni na mjukuu wake, macho ya mtoto yamevimba, inzi wamejaa. Akamsogeza mtoto mbele.

"Shikamoo, shemeji. Huyu nimpeleke wapi?"

"Marahaba," mama akamjibu. "Kwanza tumnawishe uso."

Namshukuru Mungu! Nawe ndugu yangu, macho yakikuuma, usimtafute mchawi. Mtumaini Bwana, nawa, kisha nenda hospitali ungali unaiona njia. Na kama huioni tena, njoo kwangu. Nitakushika mkono, twende.