Pahala pa Fidla

Assalaam alaykum, ndugu zangu wa kiharusi na mnaotuuguza. Mnistahamilie, maneno yangu siku hizi hayana haraka.

Mie nlikuwa mpiga fidla wa taarab hapa mjini tangu sijaolewa. Taarab yetu mnaijua, sote tunakwenda na sauti moja. Ukipotea, unamdandia jirani, mambo yanakwenda. Asokuwepo hata hajulikani.

Mwaka jana mwalimu mmoja akatuletea muziki wa Kibrazili, wa watu wanne: filimbi, klarineti, fidla na selo. Humo kila mtu ana njia yake, na pahala pake pa kunyamaza akihesabu. Nikapotea, nikamdandia klarineti kama nlivyozoea. Muziki wote ukaanguka! Mwenzangu wa klarineti akanambia, "Bibi wee, humu hamna kudandia. Hesabu!" Basi nikawa nahesabu hata nikikuna nazi.

Wiki mbili kabla ya onesho letu, nikaanguka. Mkono wa kulia, wa kushikia upinde, ukafa. Ulimi nao ukafa.

Ndugu zangu, nawaambia kweli, nlitamani kufa. Dada yangu akinilisha uji, nautema kusudi. Wageni wakija, nageukia ukutani. Miezi minne sikutoa neno. Nlijua wenzangu washamtia mtu pahala pangu, na muziki unakwenda.

Alasiri moja wakaja wote watatu na ala zao. Sikugeuka. Wakapiga ule wa Kibrazili. Pakafika pahala ambapo fidla hupiga peke yake, wakanyamaza. Hakuna aliyepajaza. Nikaingiwa na hasira, jamani! Wamekuja kunionesha nilivyokosekana? Mara nikasikia sauti, kumbe yangu.

"Tatu... nne..."

Dada akaangusha bakuli. Nikahesabu mpaka mwisho, nao wakaingia palepale. Klarineti analia huku anapuliza.

Msinipigie makofi. Mkono haujarudi, daktari anasema hautorudi. Fidla imo kabatini, sijaifungua. Ziko siku bado nageukia ukutani.

Namshukuru dada yangu, niliyemtemea uji. Nawashukuru wale watatu, hawakumtia mtu. Nanyi mnaouguza, mtu wenu akianguka, msikimbilie kupaziba pahala pake.

Alkhamisi wanapiga tena. Ntakaa kitini kwangu, mikono mapajani, niwahesabie. Pangu pakifika, tutanyamaza sote, tukihesabu.